Nani Anampiga Eliwaza?

Eliamini alikuwa mhunzi pale Same, na mtu aliyekutana naye kwa mara ya kwanza alitazama mikono yake kabla ya kumtazama usoni. Ilikuwa mikono mikubwa, imejaa masizi na makovu ya cheche. Akishika jembe, jembe lilionekana kama kijiko. Karakana yake ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, bati chache juu ya nguzo za mkonge, na hapo ndipo watu wa tambarare na wa milimani walipoleta majembe yaliyokatika, bawaba za milango na masufuria yaliyotoboka. Mwenyewe alikuwa mpole hadi watu wakamcheka. Siku moja kuku wa jirani alitaga kwenye gunia lake la mkaa, akaenda kununua mkaa mwingine ili asimsumbue.

Mkewe, Eliwaza, alimpata Shighatini, kijiji cha milimani huko Ugweno, alipoitwa kwenda kufunga kengele ya kanisa. Alipokuwa akishuka ngazi alijigonga kichwa kwenye boriti, akasikia msichana anacheka nyuma ya mlango, na msichana huyo hakuweza kujizuia hata alipokuja kumpa maji. Mwaka uliofuata, mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa na watoto wa shule wakapewa bendera za karatasi wapepee, wawili hao walifunga ndoa.

Aliyekuwa na wasiwasi ni Mama Raheli, mama yake Eliwaza. Mumewe aliteremka zamani kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akashikwa na homa, akazikwa hukohuko. Tangu hapo Mama Raheli aliichukia tambarare na mbu wake. Hakumkataa Eliamini, lakini siku ya kumsindikiza binti yake alimpa kopo la bati lililojaa vidonge vyeupe vya kwinini.

"Kila Jumapili ukitoka kanisani, umeze kimoja," alimwambia. "Ukisahau, umenisahau mimi."

Eliwaza hakusahau. Kila Jumapili alimeza kidonge chake, akakunja uso kwa uchungu, akanywa maji, kisha akaenda kupakua chakula. Eliamini alimwona mara nyingi na hakuuliza. Ilikuwa desturi ya nyumba, kama kunawa mikono.

Mwanzo wa ndoa yao ulikuwa wa raha. Kisha, baada ya miezi michache, alama zilianza.

Aliyeziona wa kwanza ni Zaituni, mama wa makamo aliyeuza maandazi karibu na stesheni, na ambaye nyumba yake ilipakana na yao. Walikuwa bombani wakisubiri zamu, Eliwaza akainua ndoo, na kanga ikateleza begani. Eliwaza alikuwa na rangi ya maji ya kunde, na kwenye mkono wake, juu ya kiwiko, damu ilikuwa imevilia doa kubwa la zambarau.

"Mwanangu, umefanya nini hapo?"

"Hata sijui, mama. Labda nimejigonga."

Wiki iliyofuata lilikuwepo lingine pajani, na jingine kwenye shingo. Kila akiulizwa, Eliwaza alijibu kwamba hajui, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Zaituni alikuwa ameishi vya kutosha kujua wanawake wasemao hawajui. Akaenda karakana, akasimama mbele ya Eliamini na sinia la maandazi kichwani.

"Mkono huo upige chuma," akasema. "Usipige mtu."

Eliamini aliacha nyundo hewani. "Nani kapigwa?"

"Unaniuliza mimi?" Zaituni akaondoka bila kumuuzia hata andazi moja.

Maneno yalienea sokoni siku hiyohiyo. Wanawake waliokuwa wakileta majembe yao wakiimba walianza kuyaleta kimya, na baadaye hawakuyaleta kabisa. Eliwaza alimtetea mumewe kwa kila aliyemsikiliza. Alisema hajawahi hata kuinuliwa sauti. Lakini kadiri alivyosema ndivyo walivyotikisa vichwa, wakamhurumia zaidi.

Habari zilipanda mlima haraka kuliko wapagazi. Mama Raheli aliteremka mpaka Lembeni kwa miguu, akapanda gari moshi kuja Same, pamoja na mwanawe mkubwa, Naftali, mkulima mrefu mwembamba aliyependa kula na kuchukia ugomvi. Mama hakuketi. Alimvua binti yake kanga begani, akatazama, akaifunika tena taratibu.

"Ameanguka?" akamuuliza Eliamini.

"Shikamoo, mama. Mimi sijui. Naapa sijui."

"Marahaba. Mtu wa mikono kama hiyo hajui. Nilikupa binti mzima."

"Mama, hajanigusa!" Eliwaza akalia.

"Anayepigwa husema hivyohivyo. Funga nguo zako."

Eliamini alibaki amesimama uani, mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Alitaka kusema mengi, lakini kubishana na mama mkwe ni jambo ambalo hakufundishwa. Akawabebea mzigo mpaka stesheni, akausukuma ndani ya behewa, akarudi nyumbani.

Huko Shighatini, Eliwaza alipumzika. Baridi ya mlimani ilikuwa ileile, migomba ileile, na mbu hawakuwepo, kwa hiyo kopo la kwinini lilibaki limefungwa ndani ya sanduku lake. Alama zikageuka kijani, kisha njano, kisha zikapotea. Ngozi yake ikawa safi kama siku aliyoolewa.

"Unaona?" Mama Raheli akamwambia Naftali. "Akiwa mbali naye, anapona. Unataka ushahidi gani mwingine?"

Ushahidi huo ulifika hata Same, na uliyemuumiza zaidi ni Eliamini mwenyewe, kwa sababu ulikuwa na akili. Alianza kujishuku. Huenda ni kweli. Huenda alikuwa akipiga nyundo usingizini, akidhani yuko kazini. Alikumbuka kwamba baba yake aliwahi kuota anachunga ng'ombe akampiga teke kaka yake. Wazo hilo likamkaa kifuani, akakonda.

Eliwaza hakukubali kukaa mlimani. Alimwambia mama yake kila siku kwamba ana mume na anamtaka, na kwamba kama ni lazima atateremka peke yake kwa miguu. Mwishowe Mama Raheli akakubali, kwa sharti moja: Naftali aende naye, akae nyumba hiyo, ale humo, alale humo, na asiwaondolee macho.

"Akimgusa tu," alisema, "mlete."

Hivyo Naftali akawa mlinzi wa dada yake. Siku ya kwanza alifika akiwa amekaza uso kama askari. Jioni alimkuta Eliamini ameketi kitandani, amenyoosha mikono mbele, na Eliwaza anamfunga viganja kwa kitambaa.

"Ni nini hicho?"

"Nafungwa nisije nikampiga usingizini," Eliamini akajibu kwa aibu.

Naftali alitazama ile mikono mikubwa iliyofungwa kwa kitambaa chenye maua mekundu, akatoka nje haraka. Aliogopa kucheka mbele ya mshtakiwa.

Kuanzia hapo ulinzi ulikuwa mgumu kuufanya kwa hasira. Mchana Naftali aliketi karakana kwenye gogo, akimtazama shemeji yake. Baadaye alichoka kutazama, akashika mivukuto na kupuliza moto. Saa za chakula walikula pamoja. Aligundua kwamba Eliamini alimwachia mkewe vipande vya nyama bila kusema, na kwamba Eliwaza alimcheka mumewe kila alipojigonga kwenye mlango, ambao ulikuwa mfupi kwake. Usiku Naftali aliweka mkeka wake mlangoni mwa chumba chao, akiacha mlango wazi, jambo ambalo liliwaudhi wote watatu. Siku zikapita. Ngozi ya Eliwaza ilibaki safi.

Ikafika Jumapili. Walikwenda kanisani wote, wakarudi, Eliwaza akafungua kopo lake, akameza kidonge chake, kisha akapakua makande. Alasiri walikaa uani. Naftali alikuwa akisimulia jinsi nguruwe pori walivyoingia shambani kwake, Eliamini akisuka kamba. Eliwaza alicheka, akajifuta mdomo, akaona damu kwenye mkono. Ufizi ulikuwa unatoka damu.

"Naftali," akasema, "nitazame miguu."

Vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, vilikuwa vimetapakaa kuanzia vifundoni mpaka magotini. Havikuwasha, wala havikuvimba. Naftali alikuwa ameketi katikati yao tangu wametoka kanisani. Alimtazama dada yake, akamtazama Eliamini, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imenasa kwenye kamba.

"Hakukugusa," akasema polepole. "Nimeona kwa macho yangu. Hakukugusa!"

Asubuhi pua nayo ikaanza kutoka damu, na haikutaka kukatika. Waliibana, wakaiwekea maji baridi, lakini kitambaa kililoa, na kingine kikaloa. Eliamini hakungoja zaidi. Alimbeba mkewe kwenye rukwama aliyotumia kubebea vyuma, akiwa ameitandika godoro, akaisukuma kuelekea hospitali. Naftali alitangulia mbele akiwaondoa watu njiani, na kila alipopita, sokoni, bombani, kwenye maduka, alipiga kelele:

"Hakupigwa! Mimi ni kaka yake! Hakupigwa!"

Zaituni alisimama na sinia lake. "Basi kafanywaje?"

"Hatujui! Lakini hakupigwa!"

Zaituni akatua sinia, akawafuata.

Hospitalini kulikuwa na daktari Mgoa, mtu wa asili ya Goa huko India, Daktari Pinto, mfupi, mwenye miwani mizito na Kiswahili laini cha Tanga alikoanzia kazi. Kwanza aliijaza pua ya Eliwaza pamba mpaka damu ikasimama. Kisha akatazama vile vidoa, na baada ya hapo, kama watu wote, akatazama mikono ya Eliamini.

"Hapana, daktari," Naftali akawahi. "Nimewalinda mimi."

"Sijasema neno," Daktari Pinto akasema. Alichukua kile kitambaa cha kupimia presha, akakifunga kwenye mkono wa Eliwaza, akakijaza upepo kidogo, akakiacha hapo huku akiuliza mambo ya kawaida. Alipokifungua, ngozi ya chini yake ilikuwa imejaa vidoa vipya.

"Basi," akasema, "sasa na mimi nimempiga."

Eliwaza alicheka licha ya pamba puani. Daktari akamtoboa ncha ya kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akaenda nalo chumba cha pili. Alikaa huko kitambo. Alirudi akamwita Eliamini.

"Njoo utazame. Wewe ndiye uliyeshtakiwa."

Eliamini aliinama juu ya hadubini, akaogopa kuigusa. Aliona duara la mwanga, na ndani yake visahani vingi vya rangi ya waridi.

"Hizo nyingi ni chembe nyekundu, na ziko sawa," daktari akasema. "Sasa hii." Akabadilisha kioo. "Hii ni damu yangu mwenyewe. Tazama katikati ya zile nyekundu. Kuna vitu vidogo vya zambarau, kama vumbi. Umeviona?"

"Naviona. Viko makundi makundi."

"Hizo zinaitwa chembe sahani. Ni ndogo kuliko chembe zote za damu. Mishipa yetu, hasa ile myembamba, hutoboka kila siku. Unafunga kamba, unagonga meza, unatafuna mfupa, pametoboka. Hatujui, kwa sababu chembe sahani hukimbilia tundu, zikanatana hapo, zikaziba. Kisha damu inaganda juu yake. Sasa rudi kwenye kioo cha mkeo."

Eliamini alitafuta kila upande. "Sioni hata moja."

"Na mimi nimetafuta sana ndipo nikaiona moja. Damu yake haina wa kuziba. Inavuja yenyewe chini ya ngozi, bila mtu kumgusa."

Eliamini aliinua kichwa, akajigonga kwenye rafu. Hakusikia maumivu. Alikuwa akitazama mikono yake kama amerudishiwa kitu alichonyang'anywa. Kisha akakumbuka jambo kubwa zaidi.

"Atakufa?"

"Akijigonga kichwa kwa nguvu sasa hivi, hali itakuwa mbaya. Kwa hiyo atalala hapa, atulie. Ninachotaka kujua ni nani anaziua hizo chembe." Walirudi kwa Eliwaza. "Mama, unatumia dawa yoyote? Ya hospitali, ya dukani, ya miti shamba?"

"Hapana, daktari," Eliwaza akajibu bila kusita. "Sijaugua tangu niolewe. Nitumie dawa ya nini?"

Akalazwa. Zaituni, aliyekuwa amesikia yote akiwa mlangoni, alirudi mjini na kufanya kazi ya kuyatangaza mambo mapya kwa bidii ileile aliyotangaza ya zamani. Kufikia jioni soko zima lilijua kwamba ndani ya damu kuna chembe za kuziba matundu na kwamba mke wa mhunzi zimemwishia. Jioni hiyo alileta maandazi hospitalini, akampa Eliamini sinia zima.

"Kula, mwanangu," akasema. "Usinitazame. Kula tu."

Siku zilivyokwenda, vidoa vikafifia. Daktari alichukua damu tena, akatabasamu. Chembe sahani zilikuwa zinarudi, kwa wingi, kama watu wanaorudi kutoka mnadani. Hakuwa amempa dawa yoyote zaidi ya pumziko, na hilo lilimsumbua. "Umepona bila sababu," alimwambia Eliwaza. "Sipendi mgonjwa anayepona bila sababu. Atarudi bila sababu."

Jumapili Mama Raheli akafika. Naftali alikuwa ametuma ujumbe, lakini mama hakuuamini mpaka aone mwenyewe. Aliingia wodini na kikapu kichwani, akamkuta binti yake ameketi kitandani, ngozi safi, anasukwa nywele na Zaituni. Eliamini alisimama upesi akasogea pembeni, kama adabu inavyotaka. Mama Raheli alimjibu shikamoo yake bila kumtazama.

"Umekula?" akamuuliza binti yake.

"Nimekula, mama."

"Na leo ni Jumapili." Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kopo jipya la bati. "Nilijua hapa watasahau. Meza."

Eliwaza akapokea kidonge, akakinyanyua. Daktari Pinto alikuwa kitanda cha jirani.

"Ngoja!" Alivuka wodi kwa hatua ambazo hakuna aliyemdhania kuwa nazo, akamshika mkono. "Hicho ni nini?"

"Ni kwinini," Mama Raheli akasema kwa fahari. "Namkinga na homa. Kila Jumapili tangu aolewe hajakosa, ila alipokuja kwangu. Mlimani hatuna mbu, ameze ya nini?"

Daktari akamgeukia Eliwaza. "Nilikuuliza kama unatumia dawa!"

"Hiyo si dawa, daktari," Eliwaza akasema kwa mshangao. "Dawa ni ya mgonjwa. Hiyo ni ya mtu mzima wa afya."

Daktari Pinto aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kwanza mabega yake yalitikisika, na ndipo walipogundua kwamba anacheka. Alipotulia aliwaeleza. Kwinini imeokoa watu wengi, naye huitoa mwenyewe. Lakini wapo watu wachache sana ambao miili yao haiafikiani nayo. Ikiingia, kinga za mwili huzigeukia chembe sahani, zikaziharibu kana kwamba ni adui. Dawa ikiisha mwilini, chembe mpya hutengenezwa na mtu akapona. Akimeza tena, yanarudi yaleyale.

"Kwa hiyo mlimani alipona," Naftali akasema, akifikiri kwa sauti, "kwa sababu hakumeza. Na huku..."

Hakumaliza, kwa sababu alimwona mama yake. Mama Raheli alikuwa ameshika kopo kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nampiga mimi."

"Mama, hukujua," Eliwaza akamkumbatia.

"Hakuna aliyejua," daktari akasema. "Hata mimi nisingejua kama usingekuja na kikapu chako."

Kesho yake asubuhi, Eliamini alipokuwa akiwasha moto karakana, alimwona Mama Raheli anakuja, amevaa gauni lake la kanisani. Wanawake walikuwa wamejaa pale. Majembe ya miezi miwili yote yalikuja siku moja. Mama mkwe hakutafuta pa faragha. Alisimama mbele yao wote.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya kusikika, "nilikushtaki mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Mikono hii niliitukana bure."

Eliamini alishika nyundo, akaiweka, akaishika tena. "Mama," akasema, "ulisikia binti yako anaumizwa, ukaja siku hiyohiyo. Kama usingekuja, ningesema nimeoa mtu asiye na kwao."

Zaituni, sinia kichwani, alianza kupiga vigelegele, na wengine wakamfuata. Mama Raheli alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akauliza kama hapo kuna mtu aliyepika chai.

Eliwaza aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na onyo kali la kutogusa kwinini maisha yake yote, na kumwambia kila daktari atakayemtibu. Kuhusu mbu, Daktari Pinto alimshauri chandarua, na akamwandalia dawa nyingine ya kujikinga, akisema atamtazama damu yake mara kwa mara mpaka aridhike. Chandarua kilinunuliwa, ila kitanda chao hakikuwa na pa kukitundika. Eliamini akafua fito nne za chuma, akazipinda juu kwa ustadi, akaziunganisha kwa pete, na akakifunga chandarua hapo kikasimama kama hema ya gavana. Majirani walipita kukitazama. Zaituni akaagiza chake. Mke wa karani wa stesheni naye akaagiza, na mfanyabiashara mmoja wa Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga ambako mbu hawana adabu, akaagiza vya nyumba yake yote.

Mama Raheli alikizunguka kile kitanda, akashika fito moja, akaitikisa.

"Na mimi nitengenezee," akasema.

"Mama, Shighatini hakuna mbu," Naftali akamkumbusha.

"Nani kasema mbu? Nataka watu wakiuliza, niseme ni kazi ya mkwe wangu."

Wiki iliyofuata watu waliokuwa wakishuka kutoka Ugweno walimkuta Naftali katikati ya mlima, anahema, fito nne za chuma begani, na mbele yake mama yake akipanda bila mzigo, akiwaeleza wote aliokutana nao njiani kwamba ndani ya damu ya mtu kuna chembe sahani.